Likishaingia Chooni Linaitwa Kopo

Nyumbani kwetu vitu havifi. Vinahamishwa vituo vya kazi, kama walimu. Shati la baba la kanisani likichakaa kola linahamishiwa nyumbani, likitoboka mgongo linahamishiwa kwangu liwe la kulalia, likinichoka na mimi linakatwa vipande na kupelekwa jikoni kushikia sufuria. Kutoka jikoni linashuka sakafuni kupiga deki. Hakuna kustaafu, hakuna kiinua mgongo. Soksi ya baba iliyopoteza mwenzake imejazwa vipande vya sabuni, ndiyo dodoki letu. Feni iliungua mota zamani, lakini ule uso wake wa waya uko kazini mpaka leo, tunaanikia vyombo. Mswaki ndio mtumishi mwenye historia ndefu kuliko wote: unaanzia kinywani, unaenda kupaka mama rangi ya nywele, unapita kwenye raba zangu za shule, unamalizia kwenye kutu ya bomba.

Pazia la bafuni ni mheshimiwa. Kulikuwa na mkutano wa kampeni Mnazi Mmoja, na mama akipita zake jioni akawakuta vijana wanakunja mabango, akaomba moja. Plastiki ngumu, haipitishi maji, ana urefu wa mlango. Mheshimiwa mwenyewe hakushinda. Aliahidi maji kwa kila kaya, na kwa sasa yeye ndiye anayeyapata kwa uhakika kuliko mtu yeyote kwenye jengo letu. Unaoga, anakutazama, mkono juu, anatabasamu. Sisi tulishamzoea. Wageni ndio huwa wanaoga haraka.

Sasa sikia kinachouma. Mama yangu anauza vyombo vya plastiki kwa jumla, hapa hapa Kariakoo, mtaa wa pili kutoka ghorofa tunaloishi. Mabeseni yamepangwa mpaka darini, ndoo zinaning'inia mlangoni kama mikungu ya ndizi, majagi ya kila rangi. Watu wanatoka mikoani kuja kununua vyombo kwa mama yangu. Nyumbani kwake tunaogea ndoo iliyokuja na rangi ya ukuta. Ukimuuliza anakushangaa kama umeomba figo.

"Vile siyo vyombo," anasema. "Ule ni mtaji."

Kuna kituo kimoja tu ambacho kitu kikihamishiwa hakirudi, nacho ni chooni. Hapo mama hana mzaha. Kitu kikishavuka mlango ule kinaacha hata jina lake nje. Kilikuwa kikombe, kilikuwa bakuli, kilikuwa nusu ya dumu la mafuta, kikiingia mle kinaitwa kopo. Kila nyumba Bongo ina kopo lake la chooni, na kila mwenye nyumba analijua kwa sura kama anavyomjua mtoto wake. Kwenye ghorofa ya nne tunakokaa sisi, ambako maji yakipanda watu wanaitana, kopo na ndoo yake ndivyo vinavyobeba heshima ya familia.

Mwaka huu ulikuja mzigo wa majagi ya zambarau, mazuri kinoma, ya lita mbili, yana mstari mweupe kiunoni. Moja lilifika mfuniko umevunjika, haliuziki. Mama akaja nalo nyumbani. Dada yangu alipoliona akasimama kabisa, akajua Mungu amejibu, tumepata jagi la mezani. Mama akapita nalo sebuleni, akapita jikoni, akaingia nalo chooni, akatoka na kopo la zamani lililokuwa limepasuka. Kuanzia dakika ile hakuna mtu kwetu aliyeliita jagi tena. Naomba mlishike hilo, kwa sababu ndilo karibu limkoseshe dada yangu mume.

Dada yangu anafanya kazi duka la dawa. Akampata kaka mmoja mpole, fundi wa kompyuta, wa kwetu huko huko Kilimanjaro ila amezaliwa mjini kama sisi. Wakakubaliana, na Jumamosi moja ikapangwa familia yake ije kujitambulisha. Kaka yule mama yake alifariki akiwa mdogo, aliyemlea ni shangazi yake. Shangazi akisema hapana, kaka wa watu hana ubavu wa kusema ndiyo. Na huyo shangazi alishasema hapana mara moja: kulikuwa na binti mwingine kabla ya dada, shangazi akaenda kwao, akaona mende mmoja anapita juu ya kabati, akaaga. Mende mmoja. Sisi kwetu tuna mheshimiwa mzima.

Wiki ile dada hakulala. Alificha soksi ya sabuni. Alificha uso wa feni chini ya kitanda. Alimwomba mama amtoe mheshimiwa bafuni, mama akauliza atoke aende wapi. Wakafikia mwafaka: atageuzwa atazame ukutani. Glasi tuliazima kwa bibi wa Kihindu wa ghorofa ya pili, ambaye aliposikia ni ugeni wa uchumba akatoa na trei ya fedha na sahani ya ladu, vile vitafunwa vitamu vya mviringo vya kwao, alizotengeneza mwenyewe, akambusu dada paji la uso. Ikabaki jagi la juisi.

"Mama, chukua moja tu dukani," dada alisema.

"Moja tu. Leo jagi, kesho beseni, keshokutwa tunafunga duka tunaenda kuomba kanisani."

"Mama, hapa tunazungumzia mume."

"Kwani mume anakunywa jagi?"

"Mama, kwetu juisi inakaa kwenye sufuria."

"Na imewahi kumwagika?"

Baba, ambaye ni mzee wa kanisa na hupenda amani, akashusha gazeti akasema kwa upole, "Mama watoto, lichukue tu, kisha lirudi." Mama akafikiri. Hiyo lugha ya kurudi ndiyo iliyomlainisha. Jumamosi asubuhi akaja nalo, la zambarau, jipya, linang'aa. Akatoa masharti mlangoni: stika iliyo chini ya kitako isiguswe. Mfuniko usitolewe kwenye nailoni yake. Lioshwe kwa mkono, bila steel waya. Jumatatu linarudi rafu yake.

Mnaona, eti? Chooni kulikuwa na la zambarau. Jikoni kukaja la zambarau. Mama, baba, dada na mimi, wote tuna macho, na hakuna aliyeshtuka. Kwa sababu moja lilikuwa jagi na jingine lilikuwa kopo. Utafananishaje jagi na kopo?

Wageni walikuja watatu: kaka mwenyewe, baba yake mdogo aliyekuwa msemaji, na shangazi. Lifti yetu inatengenezwa tangu nikiwa darasa la tano, kwa hiyo walipanda kwa miguu. Shangazi aliingia anahema, mnene, mtandio umepinda, lakini macho yalishaanza kukagua kabla ya miguu kuvuka kizingiti.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Choo kiko wapi?"

Nikamwonyesha. Alikaa huko muda wa kutosha kukagua kila kigae, cha choo na cha bafu linalopakana nacho. Aliporudi alinong'ona nikiwa namwonyesha kiti, "Kuna mtu nimemkuta kona kule ametazama ukuta, kafanya kosa gani?"

"Hajatimiza ahadi, shangazi," nikasema.

Akanitazama, akakaribia kucheka, akajizuia. Nikajua huyu mama tunamuweza.

Baba akaomba. Baba akiomba anaanza na uumbaji. Tulipofika kwenye mana jangwani ladu zilikuwa zimeshazunguka, na dada alikuwa chumbani akisubiri kuitwa kama desturi inavyotaka. Mama akanikonyeza nikalete juisi. Kwetu mlango wa jikoni na mlango wa choo inatazamana kwenye kikorido kimoja. Kutoka kwenye kiti cha shangazi unaona mtu anatoka koridoni, ila huoni ametoka mlango upi.

Nikatoka na jagi la zambarau. Mfuniko ulikuwa jikoni, kwenye nailoni yake. Nikapiga goti kwa kaka, nikammiminia, akanywa yote palepale, akaomba nyingine, akanywa. Nikapiga goti kwa baba mdogo, akanywa akafika nusu. Nikapiga goti kwa shangazi. Shangazi akafunika glasi kwa kiganja.

"Mwanangu, hili umelitoa wapi?"

"Huko ndani, shangazi."

"Ndani wapi?"

"Hapo hapo koridoni."

Akavuta pumzi. "Mimi nimefunga."

Alikuwa na chembe za ladu kwenye kidevu. "Umefunga, shangazi?"

"Nimeanza sasa hivi."

Kisha akamwinamia baba mdogo sikioni. Sikusikia neno, ila nilimwona baba mdogo akiacha kumeza katikati ya kumeza, kitu ambacho sikujua kinawezekana. Akaiweka glasi chini taratibu, kama mtu anayetua yai. Kaka wa watu alikuwa ananinyooshea glasi kwa ajili ya mara ya tatu. Shangazi akamtazama kwa huruma ya mtu anayeangalia maiti.

Nikaingia chumbani kwa dada.

"Shangazi kafunga."

"Kafunga nini, Jumamosi mchana?"

"Kaanza alipoliona jagi."

Dada alikuwa anajipaka wanja. Mkono ukasimama. "Jagi la rangi gani?"

"La zambarau, si unalijua."

"Na kopo la rangi gani?"

Tulitazamana kwenye kioo. Ilikuwa mara ya kwanza sisi wawili kuona kwamba kopo letu ni jagi.

"Nenda kanywe mbele yake," dada alisema. "Glasi nzima. Nenda, mdogo wangu, nakuomba. Ukifanya utani leo sitakusamehe."

Nikaenda. Nikamimina glasi ikafurika, nikanywa nimesimama katikati ya sebule kama niko kwenye tangazo la biashara. Nikalamba na midomo.

"Watoto wa nyumba wanazoea," shangazi akamwambia baba mdogo kwa sauti ndogo ambayo wote tuliisikia.

Mama hakuelewa kinachoendelea, ila alijua wageni hawanywi, na kwetu mgeni asipokunywa ni msiba. Akajimiminia, akanywa ili kuwatia moyo.

"Na wakubwa wake," shangazi akamalizia.

"Tumezoea nini, dada yangu?" mama akauliza.

"Hamna kitu, mama. Kila nyumba na utaratibu wake." Akaanza kufunga mtandio. Baba mdogo akachukua kofia gotini, akasema kwamba kwa kweli wangependa kukaa, lakini kuna mgonjwa Kigamboni wanapaswa kumwona, na pale Magogoni foleni ya pantoni ya kuvukia Jumamosi haifai. Kaka alishtuka. "Mgonjwa gani, baba mdogo?" Shangazi akamkanyaga mguu. Kule chumbani nikasikia kitanda kinalia, dada amekaa kwa uzito wote.

Hapo nilifanya jambo bila kufikiri. Ningefikiri, nisingefika hata mlangoni. Nilikimbia koridoni, nikaingia chooni, nikalichukua lile la zambarau, nikarudi nalo sebuleni linachuruzika, nikaliweka mezani, kwenye kitambaa cheupe, ubavuni mwa jagi la juisi.

"Shangazi, yako mawili," nikasema. "Hili jagi, lile kopo."

Baba alikuwa na ladu mdomoni, akaiacha hapo. Mama alikuwa anahama macho kutoka moja kwenda jingine, na nikaiona ile safari ya akili yake yote, hatua kwa hatua, mpaka akafika. Akafumba macho.

Shangazi akainama mbele. Aliyatazama yote mawili kama mtu anayechagua nyanya. Zambarau, zambarau. Mstari mweupe, mstari mweupe. Yalikuwa mapacha waliolelewa nyumba tofauti.

"Sawa," akasema. "Yako mawili. Na jana lipi lilikuwa wapi?"

Swali zuri. Mimi nikiwa wakili ningeomba kesi iahirishwe. Mama ndiye aliyejibu. Alifumbua macho, akasimama, akalinyanyua jagi la juisi juu ya kichwa cha kila mtu, kitako kikatutazama, na stika ikaonekana.

"Baba, soma," akamwambia kaka.

Kaka akasoma kwa utii, kama yuko darasani. "Jagi. Lita mbili. Zambarau. Na hapa kuna bei, mama."

"Bei iache. Ni jipya au si jipya?"

Shangazi akavaa miwani, akasogea, akaigusa stika kwa kidole. Nikamwona anapoa. Mabega yakashuka. Baba mdogo akaitazama glasi yake upya, akaanza kuisamehe. Tulikuwa tumeshavuka, wallahi tulikuwa ng'ambo, ila shangazi ni mtu wa kuuliza.

"Ni jipya kweli. Mbona sasa stika hamjabandua?"

Mama alikuwa anatafuta uongo mzuri, nilimwona akiutafuta. Lakini baba hajawahi kusema uongo tangu awe mzee wa kanisa, na hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye. Akameza ladu yake.

"Linarudi dukani Jumatatu," akasema.

Shangazi akamgeukia polepole. "Linarudi kufanya nini?"

"Kuuzwa."

Nadhani hata mheshimiwa aligeuka kule kona. Mama akaliteremsha jagi mezani. Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, hakuwa na haraka.

"Mimi nina duka dogo la vyombo Ilala," akasema. "Mzigo nafuata huku huku Kariakoo, mitaa hii hii. Kuna siku niliuziwa jagi jipya, na stika yake, linanukia tangawizi. Nikamuuliza kijana wa duka, akaniambia, mama, hiyo ndiyo harufu ya plastiki ya kisasa."

Mama alikuwa anatazama dari. Sijui lilikuwa duka gani. Mimi mtoto wa shule, mambo ya biashara siyajui.

Sasa muelewe mama yangu alivyobanwa. Jagi likiwa halina stika, wageni wamenyweshwa maji ya chooni. Likiwa na stika, mteja wa Jumatatu anauziwa mate ya wakwe. Katikati ya hayo mawili hakuna pa kusimama, na chumbani kuna binti anayesikiliza. Aliweka kiganja juu ya jagi kama analipima joto. Kisha akaimimina juisi yote kwenye glasi za kwenye trei mpaka jagi likabaki tupu, akaligeuza, akaanza kuibandua stika kwa ukucha.

Stika za mama ni ngumu, anazichagua mwenyewe ili wateja wasizihamishe. Ilitoka kidogo kidogo, na sauti yake ilisikika nyumba nzima. Nimemwona mama akilipa ada yangu kwa uso mkunjufu kuliko ule. Ilipotoka yote hakuitupa. Aliibandika nyuma ya kiganja chake, nadhani bila kujijua, kwamba labda itafaa kitu.

"Hili ni la nyumbani kwangu," akasema. "Kuanzia leo halina bei."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Dada hakuwa ameitwa. Alikuja na wanja jicho moja, akapiga goti mbele ya shangazi, akanyanyua glasi kwa mikono miwili.

"Shangazi, aibu ya nyumba hii naijua mimi kuliko wewe," akasema. "Nimevaa shati la baba mpaka kidato cha nne. Lakini mama huyu hajawahi kuninywesha kitu kichafu, na hawezi kukunywesha wewe. Ukitaka kusema hapana, sema kwa sababu yangu mimi. Usiseme kwa sababu ya jagi."

Nilikuwa na utani mmoja mzuri hapo, umeshafika kwenye ulimi. Nikaumeza. Sikumbuki kama niliwahi kufanya hivyo kabla.

Shangazi alimtazama dada, kisha kiganja cha mama chenye stika, kisha mezani.

"Kwanza hilo kopo liondoke," akaniambia. Nikaliondoa. Niliporudi alikuwa ameshapokea glasi, ameiinua kwenye mwanga wa dirisha, anaizungusha. Akanywa funda moja. Akatulia nalo mdomoni.

"Sukari mmebana," akasema.

"Sukari siyo nzuri kwa afya," mama akajibu, na sauti ilikuwa ya dukani kabisa, ile asiyopunguza.

"Ndivyo ninavyowaambiaga wageni wangu."

"Wanakubali?"

"Watakataaje, wameshakaa."

Mama akamtazama. Shangazi akamtazama. Nimeona watu wakisalimiana kwa kushikana mikono bila kufika hapo walipofika wale wawili kwa macho. Shangazi akanywa funda la pili, akamshika dada bega akamwinua kutoka gotini, akamwambia akamalize jicho la pili, mwanamke haposwi akiwa nusu.

Baba mdogo alikuwa bado amesimama mlangoni na kofia mkononi, hajui kama anaenda Kigamboni au haendi.

"Wewe kaa," shangazi akamwambia. "Mgonjwa wako anaendelea vizuri. Sema tulichopanda ngazi zote hizi kuja kusema."

Akakaa, akakohoa, akaanza.